Miaka Mitatu Ambayo Mashine Ilimjazia Baba

Nimeandika wasifu wa marehemu wengi mno, na wengi wao sikuwahi kuwaona wakiwa hai. Duka langu liko mtaa wa Kariobangi, Nairobi, chini ya jengo la fleti, katikati ya fundi wa masufuria na mama anayeuza mapazia ya mitumba. Watu bado wanaliita saiba, ingawa siku hizi hakuna anayekuja kukodi kompyuta. Wanakuja kutoa nakala, kuchapisha barua, na zaidi ya yote kutengenezewa vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada, nyimbo, na katikati wasifu wake.

Nina fomu ambayo familia hujaza. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani na miaka gani, alifunga ndoa na nani, aliugua nini. Kila swali lina mstari wa nukta. Wasipojua, au wasipotaka kusema, wanaziacha nukta zilivyo, na mimi naandika kwa namna ambayo pengo halionekani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mlevi wa kutupwa nimemwita mtu wa watu. Mwanamume aliyekuwa akiwatandika wanawe kwa mkanda nimemwita baba mwenye msimamo. Sijivunii, lakini sijuti sana pia. Mtu aliyefiwa haji dukani kwangu kutafuta hukumu.

Mashine iliingia dukani kupitia kwa jirani yangu wa ghorofa ya pili, mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye shahada na asiye na kazi ya kudumu, kama nusu ya jengo letu. Aliniwekea kwenye simu na kwenye kompyuta. Unaiandikia unachotaka, nayo inakujibu kwa maneno. Niliidharau mpaka siku niliponakili fomu ya mzee mmoja nikaipa. Kabla sijamaliza kuvuta kiti, wasifu ulikuwa umekamilika. Alikuwa nguzo ya familia. Alipenda utani. Ameacha pengo lisilozibika. Ilikuwa imeandika kama mimi, pamoja na yale maneno ninayoyaweka nikiwa nimechoka. Sikuipenda hali ile. Nilihisi kama nimeingia chumbani nikakuta mtu amevaa nguo zangu. Lakini kazi ilikuwa nyingi, na nikaendelea kuitumia.

Nilikuwa na sheria moja tu ya kunilinda. Kijitabu hakichapwi mpaka mtu wa familia asimame mbele ya kaunta na kukisoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Sheria hiyo ilitokana na kosa. Zamani niliwahi kumtaja mjane asiye mjane, na wanawake wawili nusura wavutane vitambaa kando ya kaburi. Tangu siku hiyo hata mtu aje akilia, hata jeneza liwe tayari limepakiwa garini, lazima asome. Wengine wamenitukana kwa ajili hiyo.

Mwaka jana baba yangu akafariki.

Ili nieleweke, lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kusemwa. Nilipokuwa darasa la tatu, baba alitoka Jumatatu asubuhi na mkoba mdogo, akasema anaenda kuona mtu. Alirudi nikiwa darasa la sita. Alikuwa na mkoba uleule. Aliketi, akaomba chai, na mama akamtengenezea chai. Hakumuuliza alikuwa wapi, siku ile wala siku nyingine yoyote, na baba hakusema. Waliishi hivyo mpaka nywele zao zikawa nyeupe.

Niliwahi kumuuliza mama kwa nini alinyamaza. Nilikuwa mtu mzima tayari, tukichambua mboga.

"Nikimuuliza atanijibu," alisema. "Na akishanijibu, hilo jibu nitalipeleka wapi?"

Aliamini kulikuwa na mwanamke. Pengine na watoto. Sisi sote tumehudhuria mazishi ambapo mama asiyejulikana anaingia na watoto watatu wenye paji la uso la marehemu, na mchungaji anapoteza ukurasa. Mama alikuwa akiingoja siku hiyo. "Siku ya kumzika ndiyo nitajua," aliniambia, akaendelea na mboga zake. Sijawahi kusikia mtu akisema jambo la kutisha kwa sauti tulivu namna ile.

Basi baba alipofariki, nilimpa mama fomu kama ninavyompa mteja yeyote. Nikamsomea maswali, naye akaijaza kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya zamani. Kwenye ile miaka mitatu akaacha nukta.

Niliingia dukani nikiwa sijalala siku mbili. Stima ilikuwa inakuja na kupotea tangu asubuhi, taa zikiwaka na kuzimika. Nikanakili fomu neno kwa neno, nukta zikiwemo, nikaiambia mashine iandike. Ikaandika. Nikaangalia tahajia ya majina, nikaangalia picha ya baba kama haijavutwa pembeni, nikachapisha nakala mia mbili kabla stima haijapotea tena. Hakuna aliyesoma kwa sauti. Mimi ndiye nilikuwa duka, na mimi ndiye nilikuwa familia. Nani angesimama upande wa pili wa kaunta? Leo najua nilipaswa kuzunguka nikasimama mwenyewe.

Ibada ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa huko mtaa wa Lucky Summer, karibu na nyumbani kwa mama. Baba mdogo ndiye aliyesoma wasifu. Ana sauti nzuri na anajua hivyo. Alisoma kuzaliwa, alisoma shule, alisoma ndoa, na mimi nilikuwa nikipanga kichwani sahani zitakazohitajika. Kisha nikasikia:

"Kwa miaka mitatu alifanya kazi katika kiwanda cha mbao mjini Elburgon, akianza kama mlinzi na kupanda hadi karani wa ghala. Wenzake walimpenda kwa uaminifu wake, na kwa mluzi wake wa asubuhi uliojulikana kiwanda kizima."

Baba yangu hakuwahi kuitaja Elburgon. Baba yangu hakuwa mtu wa kupiga mluzi. Alikuwa mtu ambaye hata kukohoa alikohoa kwa ustaarabu. Nikamtazama baba mdogo, nikitarajia asite. Akasita kweli. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akatikisa kichwa polepole, akatabasamu.

"Huo mluzi!" akasema. "Nani hapa hajausikia?"

Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Shangazi mmoja akasema ndiyo, ndiyo. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa ameinua kichwa, na macho yake hayakuwa tena mlangoni, ambako yalikuwa tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipotambua alikuwa akitazama mlango.

Hakuna mwanamke aliyeingia na watoto. Lakini wakati wa chakula alikuja mzee mmoja aliyevaa koti la kahawia, ambaye hakuna mtu wa familia aliyemfahamu. Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili. Alisema aliwahi kufanya kazi za mbao huko Elburgon, na kwamba anamkumbuka baba vizuri. Mtu wa kimya, alisema, isipokuwa ule mluzi asubuhi wakati ukungu haujaondoka. Nilimuuliza lango la kiwanda lilikuwa upande gani. Akanieleza bila kusita: lango, rundo la maganda ya miti, mvua ya kila alasiri. Hakuwa na sura ya mwongo. Alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Nilipomaliza kugawa soda alikuwa ameondoka, na mpaka leo sijui alitoka wapi wala nani alimwalika.

Baada ya mazishi mama akabadilika. Alianza kulala usiku kucha. Alianza kula. Alikiweka kile kijitabu ndani ya Biblia yake, na mara kwa mara alikuwa akisema, si kwangu hasa, "Kumbe alikuwa kazini." Aliponiuliza nilipata wapi habari hizo, alidhani nimekuta karatasi kwenye mkoba wa baba. Nilimwambia nilizipata tu. Ni woga, hakuna jina lingine. Mtu aliyebeba jiwe miaka arobaini amelitua, halafu umwambie alibebe tena?

Kisha siku moja akaniuliza, "Unakumbuka alivyokuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu?"

Nikamwambia sikumbuki. Ilikuwa kweli. Lakini kesho yake asubuhi, nikipiga mswaki, nikakumbuka. Niliona beseni la bluu, kioo kidogo kimeegemezwa dirishani, povu kwenye shavu la baba, na nikasikia mluzi. Niliujua hata ule wimbo. Nilikaa chini kwenye ukingo wa karo. Kumbukumbu hiyo haikuwepo kichwani mwangu majuma mawili kabla. Ningeapa mbele ya hakimu. Sasa ilikuwepo, na ilikuwa na mwanga wa dirisha na harufu ya sabuni, na sikuweza kuitofautisha na zile nyingine za kweli. Bado ninayo. Nimejaribu kuiondoa na haiondoki.

Nilipanda ghorofa ya pili nikiwa na hasira kama ninaenda kudai haki. Jirani yangu alikuwa akifua. Nilijua aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi moja ya kuzifunza mashine hizo, lakini sikuwahi kumuuliza walikuwa wakifanya nini hasa.

"Hii kitu yako ilimjulia wapi baba yangu?" nikamuuliza.

"Anti, hiyo kitu haijui mzee wako," akasema. "Haijui mtu yeyote. Imesoma maandishi mob, mengi sana ya watu, mpaka ikashika ni neno gani hupenda kufuata lingine. Ukiipea mwanzo, inatafuta neno lenye linakaa poa hapo, inaliweka. Halafu lingine. Halafu lingine. Hivyo tu mpaka iishe."

"Haiangalii mahali? Kwenye rekodi?"

"Iangalie wapi? Kuna zenye hutafuta kwa mtandao kwanza, lakini hata hizo haziwezi pata kitu hakuna mtu aliandika. Mzee wako aliandika alikuwa wapi?"

Nikamwambia hapana. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake lote.

"Sasa ona. Ikisema Nairobi iko Kenya na ikisema mzee wako alikuwa Elburgon, kwake hiyo ni kazi moja. Kweli na uongo zinatoka kwa mfereji mmoja. Huwezi jua kwa ladha."

"Lakini niliipa nukta. Kwa nini haikuziacha?"

Akaniangalia kwa huruma, povu likimdondoka viganjani. "Anti, wewe ulishaona wasifu iko na nukta?"

Nilifikiria vijitabu vyote nilivyochapa, na wenzangu wote kuanzia hapa mpaka mitaa ya Mukuru wanaochapa kama mimi, na miaka yote tuliyoshona ili pengo lisionekane. Mashine ilikuwa imelishwa watu kama sisi. Mahali ambapo maisha yana shimo, ilijifunza kutoka kwetu kwamba hapo huwekwa kiwanda, na uaminifu, na wenzake walimpenda.

"Na si ingesema tu haijui?" nikauliza, sasa kwa sauti ya chini.

Alikamua shati, akalitundika. "Zingine siku hizi husema. Lakini nikuambie ukweli. Kazi yetu ilikuwa kuletewa majibu mawili, unachagua lenye liko poa. Siku nzima. Lile la 'sijui' lilikuwa linakaa kama la mtu hajajaribu. Nilikuwa naliruka. Wengi tulikuwa tunaliruka."

Nilirudi dukani. Fundi wa masufuria alikuwa akigonga bati lake kama kawaida. Nikaipa mashine fomu ileile, nukta zilezile, bila kubadilisha hata herufi. Ikamweka baba Thika, kwenye shamba la nanasi, msimamizi wa wafungashaji. Nikaipa tena. Bandarini Mombasa, karani. Tena. Eldoret, dereva wa lori, mcha Mungu. Kila mara sauti ilikuwa ileile, imetulia, haina haraka, kama ya mtu aliyeketi na baba jioni nyingi. Nikabuni mtu ambaye hajawahi kuishi. Nikampa mwaka wa kuzaliwa na jina la kijiji lisilokuwepo. Nikamwachia nukta kila mahali pengine. Ikamwandikia maisha kamili: mama aliyemlea peke yake, baiskeli aliyoipenda, binti mdogo aliyeachiwa pengo. Nilifika mwisho nikajikuta nimesema "pole" kwa sauti. Nyundo ya fundi ikanyamaza wakati huohuo, na kwa kitambo kidogo nilisikia kompyuta ikivuma peke yake. Niliizima nikafunga duka saa nane mchana.

Ningeendelea kunyamaza. Nakiri. Lakini mama akaanza kujiandaa kwa safari. Alitaka kwenda Elburgon. Alikuwa ameshapanga na baba mdogo na kutafuta sweta zito kwa ajili ya baridi ya kule. Nilimuuliza anaenda kufanya nini.

"Kumwomba msamaha," akasema. "Yeye yuko huko analinda mbao za watu, na mimi huku namtukana moyoni kila siku, miaka yote hii. Nataka kusimama kwenye hilo lango niseme nimekosa."

Siku ya Jumamosi, alasiri, nikaenda kwake nikamwambia. Nilimwambia yote: nukta, mashine, kijitabu ambacho sikukisoma. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakupiga kelele, na ningependelea apige kelele.

"Na yule mzee wa koti?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Na mluzi?"

"Mluzi pia uliwekwa."

"Lakini mimi niliusikia," akasema. "Nimeusikia hata leo asubuhi."

Nilitaka kumwambia hata mimi naukumbuka. Nikashindwa. Akapapasa Biblia yake mezani bila kuifungua. Ana mtoto wa jicho, herufi ndogo zilimshinda zamani. Kile kijitabu alikuwa akikishika tu, akisomewa na wageni.

"Hiyo kitu iko wapi?"

"Kwa simu, Mama."

"Iulize mbele yangu."

Nikaiuliza. Ikasema Nakuru, kwenye hoteli, mpishi mkuu. Nikaiuliza tena. Ikasema Kericho. Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mji, kama mtu anayesomewa orodha ya abiria wa basi lililopata ajali, akingoja jina lake.

"Mbona haisemi mwanamke?"

"Kwa sababu hatuandiki hivyo, Mama. Hakuna anayeandika hivyo kwenye wasifu. Inafuata tunavyoandika."

Nje, watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira, ukagonga lango letu mara mbili. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mboga, tulivu kabisa, "Iulize kama alikuwa ananikumbuka."

Nilianza kusema kitu. Akainua kidole. Nikaandika swali kama alivyolisema, na nikiwa naandika nilishajua jibu, kwa maana nimeliandika mwenyewe kwa wajane wengi. Halikuchukua muda. Ndiyo, ilisema. Ingawa alikuwa mbali, haikupita siku bila yeye kukukumbuka, na upendo wake kwako haukupungua kamwe.

"Inasemaje?"

Maneno yalikuwa hapo kwenye kioo cha simu, matamu, mazuri. Nilichohitaji ni kuyasoma tu, naye angelala tena usiku kucha. Nikaifunika simu kwa kiganja, ingawa hawezi kuyasoma.

"Inasema haijui, Mama."

"Imesema hivyo? Haijui?"

"Imesema hivyo."

Mabega yake yakashuka. Nilidhani analia, lakini hakuwa akilia. Alikuwa akiitazama simu mkononi mwangu kwa heshima, kama anavyomtazama daktari asiyemficha ukweli.

"Hapo sasa nimeiamini," akasema, na akasogeza kiti chake karibu na changu. "Sasa iulize tena alikuwa wapi."